Nitamba ya Mke Wangu

Mshona sketi wa mtaani kwetu alipopata chumba cha duka, mumewe alijitolea kutafuta jina. Mume huyu tulimwita Kamusi, kwa sababu ukimwuliza saa ngapi, anakueleza kwanza neno "saa" limetoka wapi. Akapekua vitabu vyake vikuukuu, akarudi uso umemng'aa.

"Nitamba!" alisema. "Ni Kisanskriti. Maana yake mteremko wa mlima."

"Mimi nashona sketi, mlima wa nini?"

"Sikiliza linavyolia. Mteja akivaa sketi yako, si atatamba?"

Mkewe akacheka, akakubali. Siku ya ufunguzi, rangi ya ubao wa jina haijakauka sawasawa, Kamusi alipanda juu ya kiti mbele ya majirani.

"Jamani, nitamba ya mke wangu ni pana! Karibuni nyote mjionee!"

Tukampigia makofi.

Haukupita muda akaingia mhadhiri mstaafu wa lugha za kale, anataka sketi yake iongezwe upana. Fundi akamzungushia futi kiunoni, kisha akaishusha kwenye makalio. Bibi yule akaangua kicheko.

"Mwanangu, hapo ulipofika ndipo panapoitwa nitamba."

"Si mteremko wa mlima?"

"Na mlima pia. Watu wa kale waliona vinafanana, nadhani, wakavipa vyote jina moja. Ila mwili ndio hutajwa kwanza. Asili ya neno lenyewe, hata sisi tuliozeekea humo hatuna hakika nayo."

Nyuma ya pazia, Kamusi alikuwa akipiga pasi. Mara ikasikika harufu ya kitambaa kinachoungua.

Mgeni alipoondoka, Kamusi alitoka mbio nyuma ya pazia, akitafuta rangi afute ubao. "Nimetangaza hadharani kwamba ni pana! Mama yangu mzazi akisikia!"

"Kwani ulisema uongo?" mkewe aliuliza.

Mama mzazi alikuwa ameshasikia, kwa yule bibi mlangoni. Aliingia na mkoba wake kwapani, mwanawe akatazama sakafu.

"Jina lisiguswe," mama akasema. "Maisha yangu yote mafundi wananishonea kana kwamba nyuma sina kitu. Leo nimepata duka linalojitambua." Akainua mikono juu, akamgeukia mkwewe. "Pima, mwanangu, na wala usinibanie."

Kamusi akaenda nje kutazama barabara.