Sahani ya Wiley Haitiwi Chumvi

Katika ukoo wa akina Dawsey wa Hancock, Georgia, ungeweza kumchukua mume wa mtu ukasamehewa kabla ya Pasaka. Kutia chumvi kwenye sahani ya Wiley, hilo hapana. Kila Julai, ukoo ulipokutana kula pamoja nyuma ya kanisa la Mount Nebo, Shangazi Ozella alipika chungu chake kidogo cha pembeni, kuku na sukuma wiki, na mkate wa mahindi wa peke yake, vyote bila chumvi hata punje. Alipakua kwenye sahani nyeupe yenye ukingo wa buluu, akaiweka mbele ya kiti kisichokaliwa na mtu. Watu wakila, sahani ile ilitazamwa tu. Jua likipungua, chakula kilimwagwa chini ya mwerezi wa makaburini, mpaka mwaka mwingine tena.

Wiley mwenyewe alikuwa nani? Hapo kila mtu alikuwa na lake. Wengine walisema ni babu aliyekufa vitani, wengine mume wa kwanza wa Bibi Lutisha, mama wa ukoo mzima. Thurman, mmoja wa wajukuu wa ukoo, alipokuwa mdogo aliambiwa ni malaika, basi akakataa kula kuku mpaka alipoota ndevu. Walichokubaliana wote ni kwamba Wiley ni mfu, kwa kuwa chakula cha wafu hakitiwi chumvi. Hilo kule kwao hata mtoto anayetambaa analijua.

Sasa Thurman ameota ndevu, zimekuwa na mvi, na amechaguliwa mwenyekiti wa mkutano wa ukoo. Mungu akunusuru na mwenyekiti anayependa ajenda. Mwaka huo aliandika hoja ya kuiondoa sahani, akaisambaza kwa kila mtu.

Earline, msusi na mtoto wa ukoo huo, aliisoma hoja hiyo saluni kwake, kichwa cha Shangazi Ozella kikiwa mikononi mwake. Alikuwa akimsuka kila Ijumaa tangu alipofungua saluni, na hakuna kichwa duniani alichokipenda kama hicho, ingawa nywele zilikuwa zimebaki za kuhesabika.

"Thurman anasema ni kumwaga chakula, Shangazi. Anasema asiyekuwapo na lake halipo."

"Mwambie Thurman yeye yupo kila siku na bado halina maana lake." Shangazi Ozella alikuwa na miaka tisini na mitatu, na maneno yake siku hizi yalikuja kwa zamu. "Earline, mwanangu. Mimi mwakani sipiki tena, mikono imegoma. Huu ndio wa mwisho. Nimempikia mtu huyu maisha yangu yote na simjui. Nikifika huko juu akinipokea mlangoni, nitamwambiaje? Shikamoo nani?"

"Utakuwa umefika, Shangazi. Watakutambulisha."

"Usinifanyie mzaha. Nataka kujua kabla. Na kama ni mtu wa kuondolewa mezani, nimwondoe mimi, siyo Thurman na karatasi zake."

Hilo neno "mikono imegoma" lilimchoma Earline kuliko alivyoonyesha. Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, alivaa viatu vya kanisani akaenda mahakama ya wilaya, kwenye chumba cha chini wanakohifadhi karatasi za kale.

Alianza na sensa ya mwaka 1870, ile ya kwanza kuwaandika watu wao kwa majina yao baada ya utumwa. Kabla ya hapo waliandikwa kama mifugo, mwanamke wa umri huu, mvulana wa umri ule, chini ya jina la mwenye mali. Akampata Lutisha Dawsey, mfuaji nguo, na mumewe Prince, na mtoto wao wa mwisho Mahala, ambaye ndiye bibi yake Shangazi Ozella. Earline aliligusa jina kwa kidole, karani akakohoa kumwonya. Lakini Wiley hakuwamo, si mume, si mtoto, si mpangaji.

Akarudi Jumatatu ya pili, na nyingine, akasoma karatasi za mzungu aliyewamiliki, mmoja aliyeitwa Trammell. Trammell alipokufa, miaka michache kabla ya vita vilivyoondoa utumwa, aliacha wasia. Kwa wasia huo mwanawe wa kiume alipewa Lutisha. Chini yake iliandikwa: "Kwa binti yangu Eliza, mke wa Pruitt, anayehamia Texas, nampa kitanda cha manyoya, saa ya ukutani, na Wiley, mtoto wa Lutisha."

Earline alitoka nje akaketi kwenye ngazi. Alikasirika mpaka masikio yakavuma. Kitanda, saa, na mtoto. Alitaka kumpiga mtu, na wote waliostahili kupigwa walikuwa wamekwisha kufa, tena kwa raha vitandani mwao.

Kilichobaki alikipata kwenye gazeti moja la kanisa lililochapwa New Orleans baada ya uhuru. Gazeti hilo lilikuwa na ukurasa wa watu wanaotafuta ndugu zao waliouzwa, na wachungaji waliusoma mimbarini kila Jumapili, labda aliyetafutwa awe amekaa hapo hapo kwenye benchi. Earline alisoma kurasa hizo usiku na mchana, na akalia kwa ajili ya mama za watu asiowajua, mpaka alipofika kwa mama wa ukoo wake mwenyewe.

Ijumaa alimsomea Shangazi Ozella, safari hii kichana kikiwa mezani.

"'Namtafuta mwanangu Wiley. Pruitt alikwenda naye Texas angali na meno ya utoto. Ana kovu la moto mkono wa kushoto. Mimi mama yake Lutisha niko Hancock, Georgia. Aje wakati wowote. Chakula chake kipo.'"

Kikausha nywele kilikuwa kinavuma kwa mteja wa pili. Shangazi Ozella aliomba kizimwe.

"Soma tena mwisho."

"'Chakula chake kipo.'"

"Kumbe hakuwa mfu." Bibi kizee aliukamata mkono wa Earline. "Mwanamke wa watu alikuwa anamngoja mtoto wake! Sahani ya mtu anayerudi nyumbani! Sasa nani alitoa chumvi, Earline? Nani?"

Akajijibu mwenyewe. Alimkumbuka Bibi Mahala jikoni, mzee na mnene, akitia chumvi kwenye vyungu vyote na kukiruka kimoja. Mahala alizaliwa baada ya utumwa na hakuwahi kumtia kaka yake machoni. Mama yake alipokufa akimngoja, huenda naye alichoka kungoja, akaona heri kumfanya marehemu, moyo upumzike. Shangazi Ozella hakumlaumu. Alilia tu kidogo, kisha akapenga kamasi kwa taulo la saluni.

"Tulimzika mtoto wa mtu angali njiani," alisema. "Mwaka huu natia chumvi."

Thurman aliposikia alikuja mbio na hekima yake. "Shangazi, sawa, alikuwa hai. Lakini hiyo ilikuwa zamani. Sasa amekufa, ana zaidi ya miaka mia."

"Yeye amekufa. Watu wake je? Au Texas watu hawazai?"

Hapo ndipo Earline alipojua kwamba Jumatatu zake hazijaisha. Aliifuata njia ya Pruitt mpaka wilaya ya Navarro, na katika sensa ya huko akamkuta Wiley Pruitt, kwa jina la bwana wake, mkulima, mtu mzima, mzaliwa wa Georgia. Akina Wiley wako wengi duniani, hata Earline alijua hilo. Ila huyu alikuwa na binti mkubwa, na binti huyo aliitwa Lutisha. Earline alipiga kofi mezani, na karani safari hii hakukohoa, alikuja kutazama.

Kutoka hapo alishuka kizazi kwa kizazi kwa vyeti vya ndoa na kwa vile vijitabu vya mazishi ambavyo watu weusi wa Kusini hawavitupi hata nyumba ikiungua, kwa sababu vina majina ya wote waliobaki. Alifika kwa mzee mmoja wa Corsicana, fundi bomba aliyestaafu, Delbert Pruitt. Akampigia simu.

"Kama ni bima, sinunui," alisema Delbert.

"Siyo bima, kaka. Ni chakula. Kuna chakula chako huku Georgia."

"Mama, mimi nina mke, tafadhali."

Ilimchukua Earline muda mrefu kumweleza. Kisha Delbert akasema babu yake alikuwa akisimulia habari za kovu kwenye mkono wa mzee wao. Hakuahidi kuja. Alisema ataona.

Jumamosi ya mkutano, jua la Julai lilikuwa halina huruma na akina mama wa kanisa walijipepea kwa feni za karatasi. Shangazi Ozella alipika kwa mikono yake iliyogoma. Alipofika kwenye chungu kidogo aliomba chumvi, na meza nzima ikageuka kumtazama akiitia. Sahani ikawekwa, kiti kikavutwa. Dua ikaombwa, watu wakala. Hakuja mtu. Watu walifika kwenye pai ya viazi vitamu, na bado hakuja mtu. Earline hakuthubutu kumtazama shangazi yake. Alijilaumu kwa kumpa mzee tumaini. Angemwacha na mfu wake, angekuwa na amani.

Thurman alisimama na karatasi. Alipofungua kinywa, gari lenye namba za Texas liliingia uwanjani, likashusha mzee mrefu mwenye suruali iliyokunjamana kwa safari. Mtu yule alikuwa na masikio ya Thurman, yale yale yaliyosimama kama vishikio vya sufuria.

"Samahani," alisema mzee. "Nilipotea njia Alabama. Hapa ndipo kwa Bibi Lutisha?"

"Ndipo," alisema Shangazi Ozella. "Umechelewa. Kaa ule."

Alikaa. Alitazama kuku, akatazama sukuma, akakuna shingo kwa aibu. "Bibi, naona haya kusema. Nina presha. Daktari amenikataza chumvi."

Kisha Shangazi Ozella alianza kucheka, akicheka kwa mabega, kwa tumbo, mpaka Earline akaja kumshika asianguke. "Bwana Yesu! Miaka yote nimekupikia bila chumvi hukuja! Leo nimetia, ndiyo unakuja na daktari!"

Meza zote zilipasuka kwa kicheko, na wengi walikuwa wanalia humo humo. Delbert alicheka naye, akafuta macho, akachukua uma.

"Leo daktari atanisamehe," alisema, na akala.

Alikula polepole, hakuacha kitu, akapangusa mchuzi kwa kipande cha mwisho cha mkate. Thurman aliikunja ile karatasi ya ajenda, akaitia mfukoni, akamletea chai baridi bila kuambiwa. Mabinti walipokuja kukusanya vyombo, Shangazi Ozella aliizuia sahani yenye ukingo wa buluu kwa mkono.

"Hii naosha mwenyewe," alisema. Aliibeba mpaka bombani, Earline akimshika kiwiko. Ilikuwa na mifupa mitupu na alama za vidole vya mtu, na maishani mwake hakuwahi kuiona imechafuka hivyo. Alisimama nayo muda mrefu kabla ya kufungua maji.