Doa kwenye Kitenge

Kila asubuhi, kabla ukungu wa Butembo haujapanda, Jokébed alimfunga Kavuo kitenge kipya na kumsimamisha juu ya kiti kidogo mlangoni mwa duka lake. Kavuo alikuwa binti wa marehemu kaka yake. Miaka miwili iliyopita alikuja kutoka Beni kujifunza ushonaji, lakini cherehani hakuwahi kuigusa. Kitenge kikimkaa yeye, kiliuzwa kabla ya adhuhuri. Basi shangazi akamwacha pale pale.

Wateja walimgeuza kama hindi la kuchoma. "Kwa mugongo inapendeza," walisema, "lakini kwa tumbo, hapana!" Mwanzoni Kavuo aliwajibu, "Tumbo hii ni sombe ya shangazi, nakula kila siku!" nao wakacheka. Kisha utani ukamkauka. Siku hizi hata nyumbani alisimama kando ya meza mpaka aambiwe keti, kula.

Jumatatu hiyo mama mmoja wa Musienene alitaka kuona urefu wa sketi ambayo kitenge kile kingetoa. Akachukua pini, akachoma. Pini ikapita kitambaa, ikazama pajani. Kavuo hakupepesa hata jicho. Doa jekundu tu ndilo lililochanua kwenye maua meupe.

"Yesu! Kitenge yangu!" Jokébed akapiga kelele.

Kavuo akashuka. Nyuma ya pazia alikivua kile kitenge, akakifua kwa maji baridi, akakianika. Halafu akafunga mzigo wake, akatoka.

Jokébed alimkuta ameshaketi ndani ya gari la kwenda Beni. Alikuja mbio, amekumbatia kitenge kizuri kuliko vyote dukani, akakipenyeza dirishani.

"Kamata, mama. Ni yako."

Kavuo akakitazama. "Nisimame nayo wapi, shangazi?"

Hakuuliza kwa kejeli. Hilo ndilo lililomkata Jokébed maini. Njiani alikuwa ametunga maneno mengi: biashara ni ngumu, kodi ya duka, mbona nilikulisha. Yote akayaacha. Dereva akawasha injini, gari likaanza kusogea, naye akalifuata, mkono umeshika dirisha, ncha ya kitenge ikining'inia nje na kuburutika matopeni.

"Asubuhi nilililia kitambaa, Kavuo!" alisema, abiria wote wakisikia. "Sikukulilia weye. Damu ilikuwa yako, mimi nikalilia kitambaa. Unisamehe, mutoto ya kaka yangu."