Vioo vya Ugali

Mke wangu Consolée aliniambia bila kupepesa macho: mtoto anabatizwa Jumapili, mama mkwe wangu aletwe Kasulu akiwa msafi, la sivyo Consolée na mtoto watarudi naye kwao Kibondo. Safari iliyopita nilimshusha mama mkwe akiwa mwekundu kwa vumbi tangu kilemba hadi kucha, tena mbele ya padri.

Kosa ni la gari langu, Kombi. Niliinunua mwaka 1995 kwa mzungu mmoja wa misheni, ina kitanda na jiko ndani, lakini madirisha ya ubavuni yalikuwa nailoni na maboksi. Nikamwita Léonard, seremala wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, bingwa wa madirisha ya nyumba. Akapachika vioo sita kwenye fremu za mninga. Gundi ya kushikia vioo ikamwishia, akasonga ugali wa muhogo kwa mawese na chumvi, akauzungushia kila kioo.

"Patron, huu ukikauka ni saruji," alisema, akiniita bosi kwa Kifaransa cha kwao.

Ukakauka kweli. Nikatembea mjini kifua mbele.

Jumamosi, kule Kibondo, mama mkwe Maximilla alipanda nyuma amevaa gauni jeupe, pamoja na mbuzi wawili, zawadi ya mjukuu. Nilitundika pazia kati yetu, maana kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala mama mkwe hampigii mkwe kelele. Hata Makere, njiani penye chakula, sikusimama. Niliogopa vumbi la sokoni.

Nyuma nikasikia kutafuna. Nikajua ni majani ya mbuzi. Mara kioo kikapasuka barabarani, kisha kingine. Lakini ningegeukaje? Nikakohoa kwa heshima. Naye akakohoa kwa heshima.

Tulipofika, Consolée alifungua mlango. Vioo vitano havipo. Mama alikuwa mwekundu tangu shingoni kwenda chini, ila uso ulikuwa safi: kioo cha sita alikuwa amekishika kwa mikono miwili mbele ya macho yake. Consolée akanigeukia, mtoto mgongoni. Nilijua ndoa yangu inarudi Kibondo.

"Mwache mumeo," mama alimwambia. "Mbuzi walioila hiyo gundi ni wangu."

Akafuta mawese mdomoni.

"Na hiki nilikibandua mwenyewe. Makere hatukusimama, njaa ikanizidi. Mwambie fundi wake apunguze chumvi."