Pua ya Mzee

Wateja walimwita mzee yule Pua, na pua yenyewe ilikuwa imekufa miaka minne. Homa ndiyo iliyoiua. Ilimlaza wiki tatu, na alipoinuka hakuweza kutofautisha harufu ya kahawa na ya mafuta ya taa. Siri hiyo aliijua yeye na bintiye mkubwa, basi. Hata mwanawe wa kiume, aliyekuwa mbali akiuza simu, hakuambiwa.

Mtu anayekeneka pombe bila pua ni sawa na dereva aliyefungwa kitambaa machoni. Uji wa mahindi ukishachachuka, huchemshwa ndani ya chungu kikubwa cha shaba. Mvuke hupanda, hupita kwenye bomba linalopozwa kwa maji, kisha hudondoka ukiwa kinywaji kikali. Kinachotangulia kutoka ni sumu, na wakenekaji hukiita kichwa: kinanuka gundi na rangi ya kucha, na humwagwa kwenye ndoo nyekundu. Hufuata moyo, ambao huwekwa katika mapipa ya mwaloni yaliyounguzwa ndani, ulale humo miaka mpaka uwe burboni, wiski ya mahindi. Mwisho huja mkia, unaonuka boksi lililonyeshewa. Moyo unaanza lini, hakuna saa inayojua. Pua ndiyo inayojua.

Kwa hiyo binti alisimama kila siku nyuma ya chungu, eti anakagua maji ya kupoza, na wakati ulipofika aligonga bomba kwa mwiko: mara mbili kwa moyo, mara moja kwa mkia. Aligonga taratibu, kama abishaye hodi kwa mgonjwa. Mzee alisikia, akageuza mdomo wa bomba, na watu wakasema pua ile Mungu aliiumba bila haraka.

Asubuhi hiyo alikuja mnunuzi, mama mwenye hoteli tatu, aliyetaka burboni yao pamoja na likeri yao, pombe tamu ya maganda ya machungwa. Alitaka kwanza kuona mpishi wa pombe hiyo akifanya kazi. Mzee akamwekea mwanawe, aliyekwisha kurudi nyumbani, mkono begani.

"Mpishi mpya ndiye huyu. Mimi nazeeka. Pua hurithiwa, mama, na kwetu anairithi mwana wa kiume."

"Na huyu dada?"

"Ah, huyu!" Mzee alicheka. "Huyu ni mtu wa maji na chupa. Kwa kubandika lebo, hana mpinzani."

Mahindi yale aliyasaga binti. Uji aliukoroga yeye, akaamka siku tatu kuusikiliza ukitoa povu. Na huyu mdogo wake, aliyerudi mwezi uliopita na viatu vyeupe, alikuwa bado anaita chungu "sufuria".

Akaushika mwiko, akaamua: leo sigongi.

Bomba likaanza kudondosha. Harufu ya gundi ilijaa chumba. Kijana akainamia ndoo nyekundu, akavuta pumzi kama anusaye maua.

"Tayari, baba. Moyo huo."

Mkono wa mzee ulikuwa juu ya mdomo wa bomba. Haukugeuka.

"Baba, nimesema tayari."

"Nimekusikia. Subiri."

"Nisubiri nini, na mpishi ni mimi?"

Binti aliona alichokuwa akikifanya mzee: alikuwa ameinamisha kichwa upande, sikio limeelekea bomba. Alikuwa anamsubiri yeye. Amemuuza mbele ya mgeni, kisha anamsubiri! Kumbe unajua, alijisemea. Unajua vizuri kabisa, na ulimi wako haukuona haya.

Kisha gundi ikapungua, ikaisha. Ikaja harufu tamu, ya mahindi mabichi na mkate wa moto. Moyo ulikuwa unamwagika kwenye ndoo nyekundu, tone baada ya tone, na mzee amesimama kama sanamu, jasho likimtiririka shingoni.

"Mzee Pua," mnunuzi akasema, "mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Au leo mafua?"

Acha amwage, moyo wa binti ulisema. Acha amwage yote. Lakini kazi iliyokuwa ikienda na takataka ilikuwa ya mikono yake mwenyewe.

Akautupa mwiko, akaokota spana ya chuma, akalipiga bomba. Ngaa! Ngaa! Shaba ililia mpaka chupa zikatetemeka rafuni.

Na mkono wa mzee, kabla mwenyewe hajawaza lolote, uligeuza mdomo wa bomba.

Mnunuzi aliutazama mkono, akaitazama spana, kisha akamtazama aliyeishika.

"Kumbe pua yenyewe iko nyuma ya chungu," alisema polepole.

"Baba?" kijana aliuliza. "Baba, ni nini hiki?"

Binti alivua aproni, akaitundika kwenye shingo ya mdogo wake. "Shika, mpishi. Mkia ukianza, utamwambia baba. Wewe si ndiye mrithi?"

Akatoka uani, akakaa juu ya pipa tupu, spana mapajani. Baada ya saa moja na nusu kijana akaja mbio, viatu vyake vyeupe vimelowa.

"Dada, baba anakuita. Upesi!"

"Miguu anayo."

Mzee akaja mwenyewe, glasi mkononi, mnunuzi nyuma yake.

"Mama," alimwambia binti, kama alivyomwita tangu utotoni, "nionjee hii, imetoka bombani sasa hivi."

"Unamwomba nani? Mtu wa chupa?"

Mzee alimtazama mwanawe, akamtazama mgeni.

"Pua yangu ilikufa miaka minne iliyopita. Tangu hapo kila mlichokisifu ni cha huyu. Nionjee, mpishi."

Binti hakumsamehe, usoni ilionekana wazi. Alichukua glasi, akanusa mara moja, akasimama.

"Boksi limenyeshewa," alisema, akiwapita wote watatu. "Geuzeni bomba. Na hiyo aproni, mnirudishie."