Bangili Zilizoota Moscow

Asubuhi ya uzinduzi wa kwanza Sulochana alichemsha maji katika birika la hoteli, akashikilia kitambaa cha mahameli nyeusi juu ya mvuke mpaka mikunjo ikaisha. Vitambaa hivyo vya kutandikia vito vilikuwa sita. Alifanya kazi hiyo sebuleni mwa chumba cha shemeji yake, Padamchand, kwa sababu ndiko sanduku la vito lilikokuwa. Shemeji alikaa dirishani akila mikate mikavu waliyoibeba kutoka Jaipur, India, maana hakuamini sufuria za watu wanaopika nyama. Alimuuliza kama amelala salama. Sulochana akavuta ncha ya sari ikafunika paji la uso, akajibu kwamba amelala.

Walikuja Moscow kwa siku tano. Kulikuwa na maduka mawili ya kuzindua, maonyesho mawili ya mitindo, na siku ya mwisho mkutano na waandishi wa habari. Kampuni iliitwa Tejkaran na Wana, na hao wana walikuwa wawili. Mkubwa ndiye Padamchand, aliyejua kuuza. Mdogo alikuwa Nemichand, mume wa Sulochana, aliyefariki miaka minne nyuma. Tangu Sulochana aolewe katika nyumba ile, kila kidani na kila hereni iliyotoka humo aliichora yeye, kwenye meza ya jikoni, vyombo vikishaoshwa. Jina lake halikuandikwa popote.

Padamchand hakuwa mtu mkali. Binti ya Sulochana, Kesar, mwenye miaka kumi na mmoja, alisoma shule nzuri kwa gharama yake. Walipotua Moscow alimnunulia shemeji yake soksi za sufu kabla hajajinunulia yeye mwenyewe. Pasipoti ya Sulochana aliitunza katika mkoba wake, asije akaipoteza.

Kitu kimoja tu hakukijua. Michoro ambayo Sulochana aliipenda kuliko yote hakuwahi kuichora. Aliiweka kichwani, yapata arobaini, akiingojea siku atakayokuwa na duka lake, hata kama ni chumba kimoja chenye mlango mwembamba, na jina lake juu ya mlango.

Jioni dukani wanamitindo walipita wamevaa vito, na wageni waliovaa manyoya wakawa wanakunywa mvinyo wakiwa wima. Padamchand alipanda jukwaani na kilemba chake cha rangi ya zafarani. Pembeni alisimama mkalimani, Galina Lvovna, mama wa miaka sitini aliyejifunza Kihindi ujanani kwa ajili ya sinema. Padamchand akasema kwamba kila walichokiona pale alikichora yeye kwa mkono wake. Galina akatafsiri, watu wakapiga makofi, na bangili moja ikatokea kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa Sulochana.

Ilikuwa ya dhahabu, na juu yake kulikuwa na kasuku wa kijani, wa rangi ya kioo iliyochomewa juu ya dhahabu, waliopeana migongo. Sulochana aliitambua. Aliibuni kwenye benchi la hospitali, usiku ule Nemichand alipokuwa akipumua kwa mashine.

Alijaribu kuivua akashindwa. Alipaka sabuni chooni, haikusogea. Kwenye chakula Padamchand akaiona.

“Hii umeitoa wapi?”

“Imekuja tu, Bhaisa,” alisema. Bhaisa ndilo jina la heshima la kaka mkubwa wa mume.

Padamchand akaivuta kwa vidole viwili, nayo ikatoka mara moja. Akaigeuzageuza karibu na mshumaa, akasema kasuku wamekaa vizuri, akaitia mfukoni. Kesho yake iliwekwa kwenye kabati la kioo, ikanunuliwa kabla ya saa sita.

Galina Lvovna alisema mambo hayo hutokea. Shangazi yake kule Tula alifanya kazi kiwanda cha mashati miaka thelathini, na alipostaafu akaanza kuota vifungo shingoni. Vilikuwa vifungo vizuri, vya matundu manne.

Siku ya pili Padamchand alihojiwa na televisheni, akarudia maneno yaleyale mara mbili, zikaja bangili mbili. Hakuwa mzito wa kuelewa. Tangu hapo alimwambia mhudumu wa mkahawa kwamba anachora mwenyewe. Alimwambia dereva. Alimwambia mama anayepokea makoti mlangoni, ambaye hakujua neno la Kihindi, na bangili ikaja vilevile. Kila asubuhi Sulochana alibisha mlango wa shemeji yake, akanyoosha mikono, naye akazivua moja moja kwa upole, akimuuliza kama anaumia. Haikumuuma. Usiku alikuwa akilala chali akipitia michoro iliyobaki kichwani, na kila usiku ilikuwa imepungua.

Mara moja alifikiria kuichukua pasipoti. Padamchand alikuwa bafuni, na mkoba ulikuwa kitandani. Lakini kwenye mikono kulikuwa na bangili saba za siku hiyo, na hatua ya kwanza tu zikalia.

“Shemeji, umeshaleta za leo?” Padamchand aliuliza kutoka bafuni.

“Ndiyo, Bhaisa.”

Siku ya nne, nyuma ya jukwaa la maonyesho, Galina Lvovna alimkuta kwenye chumba cha kunawia, maji yakimchuruzika mikononi bure. Akafunga mlango.

“Mama, mimi nina macho,” alisema. “Yule bwana akiulizwa habari za rangi, anakutazama wewe kwanza. Nani anachora?”

Sulochana alifunga bomba. Katika miaka kumi na mitatu hakuna aliyemuuliza.

“Mimi ndiye ninayechora,” alisema.

Bangili moja ikalegea, ikateleza kwenye kiganja, ikaanguka sakafuni na kubingirika mpaka chini ya sinki. Wote wawili waliitazama ilipotulia. Sulochana aliinama kuiokota, na papo hapo akagundua kwamba mchoro wa bangili hiyo umerudi kichwani, mzima, hadi tundu la pini.

“Basi kesho waandishi wakikuuliza, sema hivyohivyo,” Galina Lvovna alisema. “Nitatafsiri neno kwa neno. Sipunguzi, siongezi.”

Usiku huo Sulochana alilala vizuri kwa mara ya kwanza. Alipanga sentensi yake, akaifupisha, akaipanga tena. Alijiona akirudi Jaipur mikono mitupu na kichwa kimejaa.

Mkutano ulikuwa saa sita mchana. Jaipur ilikuwa saa nane na nusu, watoto wametoka shule. Kabla ya kuanza, Padamchand alipiga simu ya video nyumbani, akaiegemeza kwenye jagi la maji, kioo kikiwatazama.

“Kesar aone mama yake akihojiwa,” alisema. Alikuwa na furaha kabisa.

Kwenye simu Kesar alikuwa ameketi chini kwenye mkeka, bado na sare ya shule. Nyuma yake, kitini, alikaa mke wa Padamchand akimchana nywele. Kesar akapunga mkono. Akasema Baba Mkubwa ameahidi kwamba mwaka ujao pia atabaki shule ileile, na kwamba chumba chao kimepakwa rangi. Mke wa Padamchand alishika kichwa cha mtoto kwa mkono mmoja kisitikisike, na kwa mwingine akapitisha kitana katikati, taratibu, njia ikanyooka.

Mwandishi mmoja wa jarida la mitindo aliuliza kama katika familia ni mtu mmoja tu anayebuni. Galina Lvovna alitafsiri swali, kisha, bila kuambiwa, akamgeukia Sulochana.

Sulochana alikuwa na sentensi yake mdomoni. Alitazama ile njia nyeupe kwenye nywele za mwanawe, na mkono uliokishika kichwa.

“Anayechora ni Bhaisa,” alisema. “Mimi ninanyoosha vitambaa.”

Galina Lvovna alitafsiri neno kwa neno, kama alivyoahidi.

Bangili zote zilizosalia zikaja kwa pamoja. Zilijaza mikono yote miwili, kutoka vifundoni mpaka mabegani, na zilipokuwa zikijipanga zilipiga kelele hivi kwamba fundi wa sauti alipunguza kipaza. Waandishi walisimama wakapiga picha. Padamchand akawaeleza kwamba huo ndio mkusanyo wa mwaka kesho, na wakapiga makofi. Kwenye simu Kesar pia alipiga makofi. Sulochana alitafuta kichwani mchoro mmoja, wowote ule, asiukute.

Nje ilikuwa baridi ya kugandisha kope, na mikono yake haikuingia kwenye koti. Galina Lvovna alimtupia koti mabegani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni huku mikono ikiwa ndani, akamwongoza hadi kwenye gari.

“Nilitafsiri ulichosema,” alisema.

“Najua,” Sulochana alijibu.

Padamchand alizivua zote hotelini, kwa muda wa saa nzima, akapumzika mara mbili kunywa maji.

Waliporudi Jaipur, Sulochana aliamua kutobuni tena. Alikaa akitazama kuta zisizo na kitu. Alipoosha vyombo alihesabu vyombo, na alipopika alisema kwa sauti majina ya viungo ili kichwani pasipatikane nafasi ya mchoro. Aliweza siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili alimwaga mafuta ya moto juu ya dengu, mbegu za bizari zikaelea na kujipanga duara, na kabla hajageuza macho tayari ilikuwa bangili.

Asubuhi yake familia ilikaa kula. Mke wa Padamchand aligawa chapati. Kesar alikuwa akimalizia hesabu za shule chini ya meza. Padamchand alijipakulia achari, akasafisha koo.

“Mimi ndiye ninayechora,” alisema, bila kumwambia mtu yeyote.

Kitu kidogo kikalia kifundoni mwa Sulochana. Akanyoosha mkono wa kushoto juu ya meza, na wa kulia ukaendelea kumega chapati.