Mumbere Aliyerudi Mwaka wa Kwanza

Jumatatu jioni, ukungu wa Butembo ukianza kushuka, Eliane alisimama mbele ya valves, ule ubao wa matangazo wa chuo kikuu, akingoja kijana mrefu asogee ili naye asome. Mgongoni alimbeba mwanawe Mumbere, mwenye miezi minane na meno mawili, na kwa meno hayo Mumbere alikuwa akitafuna pembe ya kitenge. Tangazo lilikuwa fupi. Kwa kufuata mageuzi ya elimu ya taifa, programu ya zamani imefutwa. Waliomaliza mwaka wa kwanza wa masomo ya jioni watarudi mwaka wa kwanza.

Akaingia kwa Kasonia, apariteri anayeandikisha wanafunzi.

"Papa Kasonia, mimi nilipita. Hata na distinction."

"Ulipita, mama, hakuna mwenye anakatala. Mais ile mwaka ilikuwa ya mfumo ya zamani. Ni kama haikufanyika."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ile hawakuandika kwenye texte," alisema Kasonia kwa upole, maana alikuwa mtu mwema, na akamtekenya Mumbere shavuni.

Kesho yake mwaka ukaanza kurudi nyuma. Lusenge, aliyekaa benchi moja na Eliane, alipoteza ndevu alizokuwa amezifuga kwa ajili ya harusi ya dada yake. Meno mawili ya Mumbere yaliingia tena kwenye fizi. Siku zilizofuata alisahau kukaa, akasahau kucheka, shingo ikalegea. Jumapili, wakati wa misa, akawa mtoto mchanga kabisa, na kabla ya komunyo alikuwa amesharudi tumboni. Eliane akakunja kitenge cha kumbebea, akapanga mstari wa komunyo pamoja na wengine.

"Miezi mitano," alisema Kahongya, muuguzi wa kituo cha afya, akimpapasa. "Wa chuo kikuu?"

"Ndiyo."

"Hii wiki niko na mama mingi ba chuo. Anza tena vidonge vya damu."

Josaphat, mume wake, alikuwa Beni akinunua kakao. Alipiga simu jioni.

"Anaendelea je?"

"Anacheza."

"Bon. Walau sasa mutalala." Halafu akauliza: "Miezi tano tu?"

"Tano tu."

Hesabu ambayo Josaphat hakutaka kuitamka, mama yake, Kaswera, aliitamka. Walikuwa wakichambua maharagwe jikoni. "Na siku babadilisha tena? Mwaka moja tena nyuma, mutoto hakuna. Acha ile masomo, binti yangu. Wenye baliacha babakia na batoto yabo."

Eliane alilia kidogo juu ya maharagwe. Mama mkwe alisema kweli; Falonne wa darasa lao alikuwa ameacha, na binti yake bado anatambaa. Lakini Eliane akiacha, ule mwaka wake ungebaki chuoni peke yake, na hakuna hata mmoja ambaye angeuulizia. Kesho yake jioni akarudi darasani.

Mwalimu Ananie alikuwa akisoma syllabus, kijitabu cha somo la udongo. Jalada lilikuwa jipya, masaa ya masomo sasa yaliitwa crédits, ila ndani yalikuwa yale yale. Mtoto alikuwa ameyasikia yote mara ya kwanza, humo humo tumboni, na sasa kila Ananie alipokaribia mwisho wa sentensi, yeye alimtangulia kwa teke. Benchi likatikisika.

"Mama, kuna nini?"

"Ni mutoto, Professeur. Anajua yenye inafuata."

Ananie akafunga syllabus. "Donc, na mimi najua. Tuongee basi. Kwenu, udongo iko namna gani?"

Wakazungumza mpaka mlinzi akaja na funguo: udongo wa Lubero unaong'ang'ania viazi, udongo wa Beni chini ya kakao, ule wa Butembo unaotelemka na mvua pamoja na nyumba za watu. Mtoto akatulia, kama mtu anayesikia jambo jipya. Toka siku ile Ananie hakuifungua tena syllabus mpaka awe ameuliza kwanza.

Mtoto alizaliwa mara ya pili msimu wa mvua. Hakulia. Alitafuta pembe ya kitenge.

Josaphat alikuja na msafara wa magari wa Jumamosi. "Mumbere amerudi," alisema, akimnyanyua.

"Hapana," alisema Eliane. "Huyu ni Kambale."

Kwa Wanande, watu wa Butembo, jina hufuata zamu ya kuzaliwa: mvulana wa kwanza ni Mumbere, wa pili ni Kambale. Kaswera akaweka sufuria chini.

"Kambale ni wa pili. Wa kwanza iko wapi?"

"Ni yeye. Mama, nilizaa mara mbili. Tukimwita Mumbere, tunasema sawa bale ba chuo: ile mwaka haikufanyika. Na siku barudisha tena mwaka, batapata mulango wazi ya kumurudisha ndani ya tumbo."

Kaswera akampokea mtoto. "Ni kweli," alisema. "Kambale hawezi pita Mumbere. Mukubwa wake amesimama pale kwa mulango." Akatoka uani, akawatangazia majirani jina hilo kwa sauti, kama vile yeye ndiye aliyelipata.

Mwaka ulipoelekea mwisho, tangazo jipya likabandikwa. Crédits zilikuwa zimehesabiwa vibaya. Nusu mwaka itarudiwa. Ndevu za Lusenge zikaondoka tena, na nywele za Eliane zikafupika. Alikimbia nyumbani. Kambale alikuwa amekaa mkekani, mgongo umenyooka. Eliane akamfungua kinywa: meno yote mawili yalikuwa pale pale.

Alirudia nusu mwaka kama wengine. Siku aliyokuja kujiandikisha mwaka wa pili, Kasonia alimtekenya mtoto shavuni.

"Huyu anaitwa nani?"

"Kambale."

Kasonia naye ni Mnande, akauliza kama Mnande yeyote. "Na Mumbere iko wapi?"

"Ni ule wa ile mwaka yenye haikufanyika, Papa."

Kambale akamuuma Kasonia kidole. Kengele ikalia, na Eliane akajifunga kitenge vizuri, akaingia darasani.