Itoe Maua Kwanza

Khairiya alikuwa anakausha maji katikati ya majani ya okidi kwa kijiti alichokizungushia pamba. Maji yakilala pale usiku mmoja tu, tumba huoza kabla halijaota shingo. Zedekiya, mlinzi wa geti, alisimama mlangoni mwa chumba cha vioo, kofia mkononi.

"Mama, hii kazi ni ya daktari wa macho," alisema.

"Ni kazi ya asiye na haraka. Njoo ulione."

Aliinama. Ndani ya ala ya kijani palikuwa na kitu kidogo chenye vinyweleo, kama punje ya kunde.

"Hiki ndicho tunachokipigia saluti?"

"Likifunguka utaelewa. Chini lina mfuko kama ncha ya kiatu. Mimi nayaita makubadhi."

"Kwetu kiatu kimoja hakina bei," alisema Zedekiya, na Khairiya akacheka bila kuinua kichwa.

Hizo okidi zilinunuliwa zikiwa na maua, kwa ajili ya karamu. Maua yalipoanguka, Madam Reem, Mwarabu mwenye nyumba, alisema zitupwe. Khairiya, mtumishi wake wa ndani, akaziomba. Hakufundishwa na mtu. Za mwanzo aliziua kwa maji ya bomba, ncha za majani zikaungua kwa chumvi. Baada ya hapo akaanza kukinga maji yanayodondoka kwenye AC. Nyingine aliziua kwa huruma, kwa kuzinywesha kila alipopita. Polepole akaelewa kwamba kila shada la majani hutoa ua mara moja tu. Likishachanua limemaliza, na mtu hana la kufanya ila kulingoja shada changa likue ubavuni mwake. Alimweleza madam hivyo, na madam akaipenda habari hiyo, akawa anawasimulia wageni.

Binti yake Khairunisa alikuwa na mimba ya kwanza nyumbani Malindi, ng'ambo ya bahari. Kwao mimba ya kwanza humrudisha binti kwa mama yake: mama ndiye humkanda kwa maji ya moto akishajifungua na kumfunga tumbo mpaka arobaini itoke. Khairiya aliomba likizo. Madam alikuwa anakausha kucha zake.

"Ua lifunguke kwanza," alisema. "Na umpate mtu anayejua kuzitunza. Ukitimiza hayo, utakwenda, inshallah."

Khairiya hakumwambia mtu habari ya ahadi hiyo. Jambo la heri halitangazwi kabla halijatimia. Jicho la mtu halina pazia. Kwa Zedekiya alisema tu kwamba anataka msaidizi, na Zedekiya akakubali kwa sababu chumba cha vioo kilikuwa na baridi nzuri kuliko kibanda cha getini.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Tatizo lilikuwa lugha.

"Kiswahili chako cha kambini," Khairiya alimtania siku moja.

"Sasa ningekipata wapi kingine? Kwetu Uganda Kiswahili ni cha wanajeshi, cha kuamriwa. Simama. Lala chini. Toa kitambulisho. Ukikisikia, unatii kwanza, unafikiri baadaye."

Tumba lilipoota shingo na kuanza kuinama, madam alimpeleka Khairiya mji wa Sharjah kwa dada yake, aliyekuwa na wageni wengi. Hakumpa nafasi hata ya kuonana na Zedekiya. Kutoka jikoni kwa watu, katikati ya sufuria, Khairiya akamtumia ujumbe wa sauti:

"Zede, usimwage maji juu ya majani. Na hiyo yenye tumba usiihamishe bado. Itoe maua kwanza, halafu ndiyo tuipeleke sebuleni madam aione."

Zedekiya alijibu, "Sawa, mama. Nimeelewa."

Aliporudi, Khairiya aliikuta okidi sebuleni, juu ya meza ya marumaru, majani yamepanguswa yanang'aa. Kando yake palikuwa na bilauri ya maji. Ndani ya bilauri lilielea tumba, limekatwa shingo kwa wembe, safi kabisa.

Alitoka hadi getini akiwa bado na mkoba begani.

"Umefanya nini?"

"Nimetoa, kama ulivyosema." Zedekiya aliwasha simu, na sauti ya Khairiya ikatoka: *Itoe maua kwanza.* "Nikasema, sawa, kama matooke, zile ndizi zetu. Nyumbani tunakata ua la chini ili mkungu unenepe. Nikaona nisilitupe, nikaliwekea maji."

"Itoe maua, Zede. Yenyewe. Yenyewe itoe maua."

Aliisikiliza tena, kichwa upande. Safari hii alisikia.

"Lakini kuna mashada mengine, mama. Litaota jingine."

"Mwakani. Labda." Kisha akamwambia habari ya ahadi, yote, pale pale kwenye jua, maana haikuwa tena na cha kuharibiwa na jicho la mtu.

Zedekiya alikaa chini kwenye ukingo wa njia. "Ungeniambia," alisema. "Ningelala mlangoni pake kama mbwa."

Jioni madam aliliona tumba kwenye bilauri. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alilitoa kwa vidole viwili, akalipasua kwa ukucha, akatazama ndani kama mtu anayekagua dagaa.

"Hata rangi lilikuwa halijapata," alisema. "Nani amelikata?"

Khairiya aliinua bilauri, akapangusa maji mezani.

"Niambie nani, na mimi nitaifikiria safari yako."

Khairiya aliutazama mkono wa madam, kidole chenye utomvu. Alimfikiria Khairunisa, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Kwa muda mrefu kidogo alifikiria pia watoto wa Zedekiya, na majina yao aliyajua.

"Mlinzi," alisema. "Lakini ni kosa la lugha, madam. Nilisema vibaya mimi."

"Khalas, basi. Nimesikia."

Asubuhi gari la kampuni ya ulinzi lilikuja na mlinzi mpya, likamchukua wa zamani kumrudisha Muhaisnah, kwenye kambi ya wafanyakazi. Khairiya alimletea mkate aliomfungia kwenye karatasi. Zedekiya aliupokea, akaushika tu.

"Wamesema nimeharibu mali ya mteja," alisema. "Nikauliza, nani kasema? Wakanitajia jina lako."

"Aliniambia ataifikiria safari yangu."

"Basi Mungu akujalie uende." Alipanda, akafungua dirisha. "Na mimi nilikuwa nadhani Kiswahili chetu ndicho kinachouma."

Mchana Khairiya alipeleka chai, akasimama, trei mkononi.

"Madam, ile safari."

"Nimeifikiria." Madam alikoroga chai taratibu. "Nilikuambia mambo mawili, Khairiya. Ua, na mtu wa kuzitunza. Ua hakuna. Na yule mtu uliyemfundisha umemwondoa mwenyewe. Sasa nikikuruhusu, nimwachie nani?"

"Wewe ndiye uliyemwondoa, madam."

"Mimi nilipiga simu tu." Alisema hivyo kwa upole, kama anayemsahihishia mtoto hesabu. "Usinune. Si wewe uliyenifundisha? Shada likishapoteza ua lake limekwisha, tunangoja jingine. Zibadilishie zote maganda ya vyunguni, muda unao."

Khairunisa alipiga simu alasiri. Khairiya alimwambia bila kuzunguka kwamba haji, kwa sababu kuzunguka kungemchosha mwenye mimba.

"Basi nani atanikanda?" aliuliza binti.

"Muombe mama mkwe wako, mwanangu. Muombe kwa adabu."

"Nilishamuomba, mama, tangu ulipoanza kusema inshallah. Amesema hamkandi mtu ambaye mama yake anakanda maua."

Khairiya alikata simu kabla binti hajamsikia anavyovuta pumzi. Kisha akatandika magazeti kwenye sakafu ya chumba cha vioo.

Alianza na ile iliyokatwa. Aliupiga ubavu wa chungu kwa kiganja mpaka mmea ukaachia, akautoa, akaitikisa mizizi. Maganda ya mti yalikuwa yamegeuka tope. Mizizi myeusi aliikata, ya kahawia aliiacha, akaisafisha kwa maji ya AC. Pembeni mwa shada lile, chini kabisa, palikuwa na chipukizi jeupe lisilofika ukubwa wa ukucha wa mtoto. Alilipitisha kwenye maganda mapya kwa kidole, lisivunjike, akajaza kidogo kidogo.

Mlinzi mpya, Jairus, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa Mkenya wa bara, bado ana sare yenye mikunjo ya pakiti.

"Mama, hizo ni mboga?"

"Si mboga."

"Nikusaidie?"

Khairiya aligeuka. Alitazama mikono yake, kucha zake, saa kubwa iliyobana kifundo cha mkono.

"Unajua Kiswahili vizuri?"

"Si sana. Ni cha town."

"Basi nikikuambia jambo, uniulize mara mbili." Akaokota mmea wa pili, akauangalia, akauweka chini tena. Ndani ya nyumba madam alikuwa anaita. "Kesho. Uvue hiyo saa, unawe mikono kwa sabuni, uje kesho."

Mimea iliyobaki ilikuwa mingi, mizizi yake wazi juu ya magazeti. Aliloweka taulo kwenye ndoo, akalikamua, akaifunika yote, akaenda kuitika.